UZI: Nani aliishi hapa kabla yetu? DNA ya mifupa ya kale ya Afrika na historia ya kuhama kwa watu

Mchimbakale (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Mada za asili ya watu huwa zinaishia kwenye mabishano yaleyale. Huyu anasema kabila lake limetoka Misri, yule anasema la kwake halijawahi kuhama, wa tatu anatoa ramani ya kitabu cha historia yenye mishale minene kutoka Kameruni kuja mashariki na kusini. Leo naleta ushahidi wa aina nyingine: DNA, na hasa DNA iliyotolewa kwenye mifupa ya watu waliozikwa maelfu ya miaka iliyopita. Hoja yangu naiweka mbele kabisa. Kumpima mtu aliye hai leo hakutoshi kujua nani aliishi mahali hapo zamani. Wanasayansi walitegemea walio hai kwa miaka mingi, na mifupa ya kale ilipoanza kusomeka, mishale mingi ikabidi ichorwe upya.

Nianze na msingi ili twende pamoja.

DNA hunakiliwa kutoka kwa wazazi kwenda kwa mtoto, na kila inaponakiliwa yanaingia makosa machache. Ni kama waandishi wanaonakili utenzi mmoja kwa mkono: ukikuta nakala mbili zina kosa lilelile kwenye ubeti uleule, unajua zimetoka kwenye nakala moja ya zamani. Mtoto huzaliwa na mabadiliko mapya kama 60 au 70 hivi, kati ya herufi (viungo vya kemikali vilivyopangwa kwa mstari kwenye DNA) zipatazo bilioni tatu. Ni machache, lakini yanarundikana kizazi baada ya kizazi, na kwa kuyahesabu mtu anaweza kukadiria koo mbili ziliachana lini.

Sehemu mbili zilisomwa kwanza kwa sababu hurithiwa bila kuchanganywa. Ya kwanza ni DNA ya mitokondria (vijisehemu vya seli vinavyoipa nguvu), yenye herufi 16,569 tu, ambayo mama huwapa watoto wake wote lakini binti peke yake ndiye anayeiendeleza. Ya pili ni kromosomu Y (kromosomu ni fungu moja la DNA), ya baba kwenda kwa mwana wa kiume. Mwaka 1987 Rebecca Cann, Mark Stoneking na Allan Wilson walichapisha uchunguzi wa mitokondria ya watu 147 kutoka sehemu mbalimbali za dunia. Mti waliouchora ulikuwa na mizizi Afrika, kwa mama wa pamoja aliyeishi takriban miaka 200,000 iliyopita. Huyo hakuwa mwanamke pekee wa wakati wake. Ni kwamba koo za kike za wenzake zilikatika njiani, kwa kukosa mabinti.

Matawi makuu ya mti huo yamepewa majina L0, L1, L2 na kuendelea. Tawi moja tu, L3, ndilo lililozaa koo zote za kike za asili nje ya Afrika, kuanzia Ulaya hadi Australia hadi ncha ya Amerika Kusini. Matawi mengine yote ya mwanzo yalibaki hapa. Hii inaendana na jambo lililoonekana baadaye kwenye DNA nzima: kadiri unavyokwenda mbali na Afrika, tofauti za kijenetiki kati ya watu wa jamii moja zinapungua. Kundi dogo linapojitenga na kuhama hubeba sehemu tu ya utajiri wa kundi mama, na likizaa kundi jingine dogo, utajiri unapungua tena.

Hadi hapo mambo ni mazuri. Tatizo nitalieleza baadaye, nisije nikawachosha kwa mara moja.

---

Nyota_Saba

Mkuu shukrani kwa uzi. Swali: kama mitokondria inafuata mama wa mama wa mama tu, wale mababu wengine wote wanapotelea wapi?

---

Mchimbakale

Ndugu Nyota_Saba, umegusa penyewe. Rudi vizazi kumi nyuma, una nafasi 1,024 za mababu. Mitokondria inakupa habari ya mmoja tu kati yao. Kromosomu Y, kama wewe ni mwanamume, inakupa mwingine mmoja. Waliobaki zaidi ya elfu moja wako kwenye zile kromosomu nyingine, ambazo hukatwa na kuchanganywa kila kizazi. Ndiyo maana mtu anayesema "mitokondria yangu ni ya tawi fulani, kwa hiyo asili yangu ni mahali fulani" anatoa hukumu kwa kumsikiliza shahidi mmoja.

Kuanzia miaka ya 2000 kompyuta na mashine za kusoma DNA ziliwezesha kuangalia mamia ya maelfu ya sehemu kwa wakati mmoja. Hapo tukaweza kuona michanganyiko: huyu ana asili inayofanana na ya wasemaji wa Kibantu, na sehemu inayofanana na ya Wasan, wawindaji wa asili wa kusini mwa Afrika.

Lakini angalia neno nililotumia. *Inayofanana*. Unamlinganisha mtu wa leo na watu wengine wa leo. Kama kulikuwa na jamii iliyoishi mahali kwa miaka elfu kumi kisha ikatoweka bila wajukuu, hakuna namna utaiona. Na kama jamii mbili zinazofanana leo zilikutana jana tu, unaweza kudhani zina undugu wa kale. Hili ndilo tatizo nililoahidi kulieleza.

---

Mwanagenzi

Kaka, na hiyo DNA ya mifupa wanaipataje? Nilidhani ikishakaa ardhini inaoza.

---

Mchimbakale

Inaoza kweli. Mtu akifa, DNA inaanza kukatika vipande vifupi, mara nyingi chini ya herufi 100 kila kimoja, na joto na unyevu huongeza kasi ya uharibifu. Ndiyo sababu Siberia na Ulaya ya kaskazini zilisomwa mapema na Afrika ikachelewa. Kwa muda watu waliamini kwamba mifupa ya nchi za joto haitasomeka kabisa.

Mambo mawili yakabadilisha hali. Kwanza, ilionekana kwamba mfupa mgumu unaozunguka sikio la ndani huhifadhi DNA nyingi kuliko mifupa mingine, wakati mwingine hata mara 100 zaidi. Pili, mbinu za kutofautisha DNA ya kale na uchafu wa DNA yetu sisi tunaoshika mifupa zilikomaa. DNA ya kale ina alama yake: kwenye ncha za vipande, herufi C huharibika kwa namna ambayo mashine huisoma kama T. Kipande kisicho na uharibifu huo kinatiliwa shaka kwamba ni cha mchimbaji au mtu wa maabara. Mwanasayansi Svante Pääbo alitumia miaka mingi kupambana na uchafu huo hadi kundi lake likachapisha jenomu (DNA nzima) ya Neandertali, binadamu wa kale waliotoweka, mwaka 2010, na mwaka 2022 akapewa Tuzo ya Nobel.

Kwa Afrika mlango ulifunguka mwaka 2015 kwa mtu wa pango la Mota, kusini-magharibi mwa Ethiopia, aliyeishi kama miaka 4,500 iliyopita. Ilikuwa jenomu nzima ya kwanza ya mtu wa kale wa bara hili. Wanaofanana naye zaidi leo ni Waari wa Ethiopia, lakini yeye hana ile asili ya Asia ya Magharibi ambayo watu wengi wa Pembe ya Afrika wanayo sasa. Maana yake, sehemu kubwa ya watu waliovuka kurudi Afrika kutoka huko walikuja baada ya yeye kuzikwa.

Kuna jambo katika kisa cha Mota ambalo linanifanya niiheshimu kazi hii. Chapisho la kwanza lilidai kwamba asili hiyo ya kutoka nje ilienea Afrika nzima, hata magharibi na kwenye misitu ya Kongo. Wenzao walipohoji hesabu, wahusika wenyewe wakakuta hatua moja ya kompyuta iliyokosekana katika kuoanisha data, na mwaka 2016 wakatangaza masahihisho: dai hilo halisimami nje ya Afrika Mashariki. Jenomu ilibaki sahihi, hitimisho kubwa likaondolewa. Bahati mbaya wapo wanaoendelea kusambaza dai la kwanza hadi leo.

---

BahariKuu

Tuje kwetu sasa. Hao Wabantu walikuta watu au walikuta nchi tupu?

---

Mchimbakale

Walikuta watu, na hapa ndipo moyo wangu ulipo, kwa hiyo nivumilieni kidogo.

Mwaka 2017 ilichapishwa DNA ya watu 16 wa kale kutoka sehemu mbalimbali za mashariki na kusini mwa Afrika. Miongoni mwao walikuwamo wawindaji wa Malawi, walioishi kati ya miaka 8,100 na 2,500 iliyopita, kwenye maeneo kama Hora na Fingira. Kwa zaidi ya miaka elfu tano jamii ile ilikaa palepale bila kubadilika sana: sehemu kubwa ya asili yao ilikuwa na udugu na Wasan wa kusini, na sehemu nyingine na watu wa upande wa Mota. Kisha pima Wachewa wa leo. Karibu hakuna alama ya wawindaji wale. Kama tungekuwa na watu walio hai tu, hakuna ambaye angejua kwamba jamii hiyo iliwahi kuwepo. Miaka elfu tano ya watu wanaozaliwa, wanaowinda, wanaozikana kwenye miamba ileile, na hakuna mshale hata mmoja wa ramani za shule unaowataja.

Lakini usichukue Malawi ukaifanya kanuni. Ukishuka kusini zaidi, Waxhosa na Watswana wana asili ya Kisan na Kikhoe (Wakhoe ni wafugaji wa asili wa kusini) ya kiwango kikubwa, na inaonekana zaidi upande wa mitokondria kuliko kromosomu Y. Yaani wageni wa kiume walioa wanawake wenyeji mara nyingi zaidi kuliko kinyume chake. Uhamiaji mmoja, lakini mahali pamoja wenyeji wametoweka na mahali pengine wameingia ndani ya ukoo. Kwa hiyo mtu akiniuliza "Wabantu waliwafukuza au waliwaoa?", namuuliza: wapi?

Halafu kuna Shum Laka. Hili ni pango lililoko Kameruni, katika nyanda za juu ambazo wataalamu wa lugha wanazitaja kama jirani au kiini cha chimbuko la lugha za Kibantu. Mwaka 2020 ikachapishwa DNA ya watoto wanne waliozikwa humo, wawili kama miaka 8,000 iliyopita na wawili kama miaka 3,000 iliyopita. Wengi walitarajia kuwakuta mababu wa Wabantu wamelala pale. Hawakuwa wao. Karibu theluthi moja ya asili yao ilifanana na ya wawindaji wa misitu ya Afrika ya Kati, na iliyobaki ilitoka kwenye tawi la Afrika Magharibi ambalo si lile lililowazaa wasemaji wengi wa Kibantu wa leo. Kinachonishangaza zaidi ni kwamba wale wa miaka 3,000 walifanana na wale wa miaka 8,000. Jamii moja ilirudi kuzika pango lilelile kwa miaka elfu tano, jirani kabisa na watu waliokuwa karibu kusambaza lugha zao nusu ya bara.

Na kijana mmoja wa miaka 8,000 alikuwa na kromosomu Y ya tawi linaloitwa A00. Tawi hili lilijulikana mwaka 2013 tu, kwa Mmarekani mweusi aliyepima DNA yake, kisha likaonekana kwa Wambo wa Kameruni. Ndilo tawi lililojitenga mapema kuliko mengine yote ya kiume yanayojulikana kwa watu walio hai, zaidi ya miaka 200,000 iliyopita.

Hata hivyo chimbuko la Wabantu halijahama kutoka eneo la Kameruni na Nigeria. Uchunguzi mkubwa wa mwaka 2024, uliohusisha watu zaidi ya 1,700 kutoka nchi 14 za Afrika, umeonyesha tena kwamba tofauti za kijenetiki kwa wasemaji wa Kibantu zinapungua kadiri unavyokwenda mbali na magharibi. Ni ile ile dalili ya makundi madogo yanayojitenga, na inathibitisha kwamba ni watu wenyewe waliotembea, si lugha tu iliyopokezanwa. Eneo la Zambia na Kongo linaonekana kama njia panda ya misafara hiyo.

---

Shamba_Darasa

Mimi nimekulia kwa wafugaji. Ng'ombe nao walikuja na nani?

---

Mchimbakale

Walikuja kabla ya Wabantu, mkuu. Ufugaji ulifika eneo la Turkana kama miaka 5,000 iliyopita, na ulipita muda mrefu kabla haujaenea kusini mwa Kenya na kaskazini mwa Tanzania, kama miaka 3,300 hivi iliyopita. Luxmanda, mkoani Manyara, alizikwa mtoto mchanga wa kike yapata miaka 3,100 iliyopita. Zaidi ya theluthi moja ya asili yake inahusiana na wakulima wa kale wa Mashariki ya Kati, iliyopitia kaskazini-mashariki mwa Afrika. Na DNA ya namna ya mtoto huyo inaonekana tena kwa mtu aliyezikwa rasi ya Afrika Kusini kama miaka 1,200 iliyopita. Kumbe mifugo ilifika kule pamoja na watu wenye damu ya wafugaji wa Afrika Mashariki, wakiwa tayari wamechanganyika na wenyeji.

Uchunguzi wa mwaka 2019 wa watu 41 wa Kenya na Tanzania uliongeza habari: wafugaji wale walichanganyika na wawindaji wenyeji mwanzoni, kisha kwa muda mrefu mchanganyiko ukawa mdogo sana. Waliishi jirani bila kuoana sana.

Na la maziwa: wengi wa wafugaji hao hawakuwa na badiliko la jeni linalomwezesha mtu mzima kumeng'enya maziwa mabichi. Lilionekana kwa mtu mmoja wa Gishimangeda, karibu na Ziwa Eyasi, aliyeishi kama miaka 2,000 iliyopita. Leo limeenea kwa wafugaji wengi wa Tanzania na Kenya, na ni tofauti kabisa na lile la Wazungu. Yaani watu walifuga kwanza, miili ikafuata baadaye.

---

Nyota_Saba

Na kabla ya hao wafugaji wote? Twende nyuma zaidi.

---

Mchimbakale

DNA ya zamani zaidi tuliyonayo kusini mwa Sahara ni ya karibu miaka 18,000, kutoka Mlambalasi, Iringa. Ilichapishwa mwaka 2022 pamoja na ya watu wengine wa Tanzania, Malawi na Zambia. Watu hao walikuwa mchanganyiko wa matawi matatu: la Afrika Mashariki upande wa Mota, la kusini upande wa Wasan, na la misitu ya Afrika ya Kati upande wa Wambuti, wawindaji wa misitu ya Kongo. Ina maana kwamba kabla ya hapo watu walitembea mbali sana na kuoana. Baadaye wakatulia: kila mmoja anafanana zaidi na jirani wa karibu, kana kwamba ndoa za mbali zilikoma.

Hebu fikirieni. Mtu akisema "wenyeji halisi" kwa maana ya damu isiyochanganyika, miaka 18,000 iliyopita tayari hakuwepo.

---

Mwanagenzi

Nimesikia Neandertali hawapo kwa Waafrika. Ni kweli?

---

Mchimbakale

Ni kidogo sana, lakini si sifuri. Watu wa nje ya Afrika wana asilimia 1 hadi 2 hivi, kutokana na kuchanganyika kulikotokea takriban miaka 47,000 iliyopita. Uchunguzi wa mwaka 2020 ulikadiria asilimia 0.3 hivi kwa Waafrika, na sehemu kubwa inaelezwa na watu waliorudi barani baadaye.

---

BahariKuu

Mimi nina shaka moja. Tukikubali haya, si tutasema lugha ndiyo damu? Maana Mbantu ni msemaji wa Kibantu.

---

Mchimbakale

Hapana ndugu yangu, na nakushukuru kwa kuliuliza. Kwa Wabantu lugha na watu vilisafiri pamoja kwa kiasi kikubwa. Si kanuni ya dunia. Mifupa ya watu wa kwanza wa visiwa vya Vanuatu, walioishi kama miaka 3,000 iliyopita, ina asili ya Asia karibu tupu. Wanavanuatu wa leo kwa sehemu kubwa wana asili ya Papua, iliyofika baadaye. Watu walibadilika, lugha za wale wa mwanzo zikabaki. Jirani yetu Madagaska anaongea lugha yenye ndugu zake Borneo, lakini asili ya Wamalagasi ni ya Afrika na Asia kwa pamoja.

Na pwani yetu pia. Uchunguzi wa mwaka 2023 wa mifupa ya watu wapatao 80 wa miji ya Waswahili, kama Mtwapa, Manda na Kilwa, ulionyesha kwamba wengi wao walikuwa na mchanganyiko uliotokea karibu mwaka 1000: upande wa Afrika ulitoka hasa kwa wanawake, na upande wa Asia, mwanzoni hasa Uajemi, kwa wanaume. Lugha ilibaki ya akina mama.

---

Shamba_Darasa

Kinachonisumbua ni mifupa yenyewe. Ni wazee wa watu hao.

---

Mchimbakale

Inanisumbua na mimi, na sitaki uzi huu upite bila kulisema. Kupima mfupa ni kuutoboa na kuusaga sehemu, hauwi kama ulivyokuwa. Mifupa mingi ya Afrika ilichukuliwa enzi za ukoloni bila ridhaa ya yeyote na bado iko kwenye makumbusho ya mbali.

Na walio hai nao wana haki. Wahavasupai wa Marekani walitoa damu wakitumaini majibu kuhusu kisukari, ikatumika pia kutafiti uhamaji wa mababu zao bila wao kujua. Walishtaki, na mwaka 2010 Chuo Kikuu cha Arizona State kikakubali kuwalipa fidia na kuwarudishia damu yao. Wasan wa Afrika Kusini walitangaza mwaka 2017 kanuni zao wenyewe za maadili kwa mtafiti yeyote anayetaka kufanya kazi nao. Naamini huo ndio mwelekeo sahihi: jamii iulizwe kabla, iambiwe matokeo kwanza, na vijana wa hapa wajengewe maabara ili mfupa usilazimike kupanda ndege.

---

Nyota_Saba

La mwisho mkuu. Hivi vipimo vya mate vinavyouzwa mtandaoni, nikipima vitanitajia kabila langu?

---

Mchimbakale

Vitakulinganisha na watu walio hai waliomo kwenye hifadhi ya kampuni husika, kisha vikupe asilimia. Kama hifadhi hiyo ina watu wachache wa eneo lako, utaitwa jina la jirani aliyemo. Asilimia inaweza kubadilika wakiongeza watu wapya ingawa mate yako ni yaleyale. Kwa ndugu wa karibu, binamu hadi wa tatu hivi, vipimo hivyo ni vizuri kweli. Kwa kabila, muulize bibi yako kwanza, na umrekodi. Akikwambia "sisi tulikuja kutoka kule", hapo ndipo una dai linaloweza kupimwa.

Kesho nikipata nafasi nitaongeza habari za Sahara ya kijani na mifupa ya Taforalt, Moroko. Mwenye swali aliache hapa.